Mkono wa Idi na Nusu Saa ya Maji

Asubuhi ya Idi, mtoto wa Unguja au wa Mombasa hapigi hodi akaomba pesa. Anaomba mkono. "Nipe mkono wangu wa Idi," atasema, na mkubwa aliyekaa barazani anajua kinachotakiwa: aunyooshe mkono, aitikie salamu, na kiganjani pasikose chochote. Anachokifuata mtoto ni pesa, hilo halina ubishi. Lakini waliotuachia lugha hii waliipa zawadi hiyo jina la kiganja, hawakuipa jina la sarafu. Kwao jambo lenyewe lilikuwa kule kushikana, na pesa ilifuatana nako.

Lugha hiyohiyo inatukumbusha kwamba mkono mtupu haurambwi. Kisha inageuka na kutuambia kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali mbili zinatazamana, na kila msimu wa sikukuu ukikaribia kila mtu huchukua ile inayomfaa. Mwenye duka huikumbuka ya kwanza, mwenye mfuko uliotoboka huikimbilia ya pili. Siku hizi limeongezeka kundi la tatu: watu wenye uwezo wa kununua, waliochoka na makaratasi ya kung'aa na vitu vya plastiki vinavyovunjika kabla ya Sikukuu pili, wanaouliza kama haiwezekani kupeana kitu kisichokuwa kitu, yaani muda, elimu, msamaha, dua, msaada wa mikono. Swali ni zuri. Jibu lake, naona, halipatikani kwa kuichagua methali moja na kuitupa nyingine. Linapatikana kwa kujua kila moja inasimama mlango gani. Na mahali pazuri pa kulitafutia ni Izki.

Kwa nini Izki

Izki ni wilaya ya Mkoa wa Dakhiliyah nchini Oman, jirani ya Nizwa, kandokando ya Wadi Halfain, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Muscat. Mitaa yake mikongwe ya udongo, Harat al-Yaman na Harat al-Nizar, imebeba majina ya mgawanyiko wa kale wa makabila ya Kiarabu. Mitende yake inanyweshwa na Falaj al-Malki, mmoja kati ya mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wenzake ni al-Khatmeen na Daris wa Nizwa, al-Muyassar wa Rustaq na al-Jaylah wa Sur.

Kwa msomaji wa Kiswahili miji hii si migeni. Kutoka Dakhiliyah, na kutoka Sharqiyah kwenye miji kama Ibra na al-Mudhaibi, watu waliteremka pwani wakapanda majahazi kwenda Unguja, Pemba, Mombasa na bara yake, hasa tangu Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Wazee wetu waliiita nchi hiyo Manga. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, watoto na wajukuu wa wasafiri wale wakarudi na Kiswahili kinywani. Ndiyo maana leo, katika baadhi ya nyumba za Dakhiliyah, siku ya Idi utamsikia bibi akimkaripia mjukuu kwa Kiswahili cha Unguja na mjukuu akijitetea kwa Kiarabu. Mkono wa Idi wa huku kwetu na eidiya, zawadi ya Idi ya kule Oman, vimekutana chini ya dari moja.

Maji yanayohesabiwa kwa saa

Falaji ya aina ya al-Malki, waiitayo daudi, huyapata maji chini ya ardhi, upande wa juu, na kuyaleta kwa mteremko tu kupitia njia iliyochimbwa chini kwa chini hadi yatokeze karibu na mashamba. Hakuna mashine. Masimulizi ya Oman yanasema Nabii Suleiman bin Daudi alipita nchini humo akawaamuru majini wachimbe mifereji elfu kumi kwa siku kumi, na jina la daudi limetoka hapo. Hata majini wakipewa sifa ya kuchimba, kazi ya kugawana imebaki ya binadamu, na ni kazi ya hesabu.

Mwenye haki katika falaji hahesabiwi ndoo wala lita. Anahesabiwa muda. Kipimo mashuhuri ni athar, nusu saa hivi, ambayo maji ya mfereji hupita shambani kwake, kisha yakageuzwa kwenda kwa jirani. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota. Mtafiti Harriet Nash alichapisha kitabu kizima juu ya nyota hizo mwaka 2011, baada ya kuwakuta wakulima wa Oman ambao bado walizitumia.

Athar hurithiwa, huuzwa, hukodishwa kwa mnada. Na huwekwa wakfu. Mtu akiwa anakaribia mwisho wake, au akiwa mzima wa afya na moyo umemtuma, husema nusu saa yangu hii ni ya msikiti, au ni ya kuwafuturisha wafungaji wa Ramadhani, au ni ya mwalimu wa Kurani, au ni ya kuitengeneza falaji yenyewe. Tangu siku hiyo maji yale hukodishwa na mapato yake huenda yalikoelekezwa, mwaka baada ya mwaka, ilhali mtoaji yumo kaburini. Mambo ya wakfu Oman yana wizara yake na sheria yake, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 65 ya mwaka 2000, lakini desturi yenyewe ni ya zamani kuliko wizara yoyote.

Tazama zawadi hii ni ya namna gani. Hakuna kilichofungwa. Mtoaji hakutoa mtende wala kiwanja, ametoa nusu saa. Lakini nusu saa hiyo ina mambo matatu ambayo maneno matamu peke yake hayana. Ina zamu: inajulikana inaanza lini na inarudi lini. Ina mpokeaji anayejulikana, awe mfungaji, mwalimu au msikiti fulani. Na imemgharimu mtoaji, kwa sababu shamba lake, au la wanawe, litaikosa nusu saa hiyo kila mzunguko unaporudi. Zamu, mpokeaji, gharama. Kwa haya matatu tunaweza kuipima zawadi yoyote isiyoshikika, na kujua ipi ni zawadi isiyo kitu na ipi ni zawadi ambayo si kitu.

Pishi kwanza, salamu baadaye

Kabla ya kupima, kuna mlango mmoja wa kufungwa. Anayesifu zawadi zisizo za vitu asisahau anasema na nani. Katika Idi ya kufungua, Mwislamu mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa cha nyumbani mwake, na huitoa kabla ya sala ya Idi. Akichelewa mpaka watu wameshasali, ameukosa wakati wake ulio bora. Katika Idi ya kuchinja nyama hugawiwa, sehemu ya nyumbani, sehemu ya jamaa na majirani, sehemu ya mafukara.

Mpangilio huo wenyewe ni hoja. Chakula cha asiyenacho kinatangulia, ndipo watu wakumbatiane na kuombana radhi. Kwa hiyo mlango wa maskini ndipo pale methali ya mkono mtupu inaposimama, na haina budi kuachwa isimame. Mwenye njaa hapewi dua badala ya pishi. Mama ambaye wanawe hawana viatu vya Idi hahitaji mawaidha juu ya uzuri wa zawadi za rohoni. Anahitaji viatu, na mapema, ili watoto wavivae asubuhi pamoja na wenzao.

Wanaopaswa kufikiri upya ni wale wanaopeana vitu ilhali wote wanavyo. Huko hesabu zimeshapigwa. Mwaka 1993 mwanauchumi Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wa chuo nchini Marekani wakadirie thamani ya zawadi walizopewa Krismasi, akakuta kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi ya gharama hupotea njiani, kwa kuwa mpokeaji huithamini zawadi chini ya bei iliyolipwa. Walikuwa Wamarekani, na ilikuwa Krismasi, lakini kabati la nyumba yoyote ya Muscat au Dar es Salaam, lenye seti ya nne ya vikombe vya kahawa ambayo haijafunguliwa, litatoa ushahidi uleule. Mwaka 2017 Cindy Chan na Cassie Mogilner wakaonyesha upande wa pili: zawadi ya kuonja jambo, kama safari, mlo au onyesho, huuimarisha uhusiano kuliko zawadi ya kitu, hata pale mtoaji asipokuwepo wakati mwenzake anapoifurahia. Sababu yake ni ile hisia inayomshika mpokeaji wakati wenyewe.

Watu wa Dakhiliyah wanalijua hili bila ya utafiti. Siku chache kabla ya kila Idi hufunguka habta, soko la Idi, lenye mbuzi na ng'ombe, viungo, halua, nguo na vinyago vya watoto. Baba huwachukua wanawe alfajiri kwenda kuchagua mbuzi. Mbuzi ataliwa siku tatu nne na kwisha. Ile alfajiri ya kushikwa mkono katikati ya kelele za mnada mtoto ataisimulia akiwa na mvi.

Kuja

Aina ya kwanza ya zawadi hizi, na kubwa kuliko zote katika sikukuu za watu wetu, ni kuja. Usiku wa kuamkia Idi, barabara za kutoka Muscat kwenda Nizwa, Ibra na Sur hujaa magari ya watu wanaorudi balad, kwao walikotoka, hata kama nyumba ya huko ya udongo imebaki kuta tu. Wachaga hufanya vilevile kila Desemba, Dar es Salaam ikapungua na Moshi ikafurika. Wakenya wa mjini huenda ushago. Dini tofauti, nchi tofauti, zawadi ni moja: nimekuja mwenyewe.

Huko Oman ujio una nyumba yake, nayo ni sabla, baraza ya jamaa au ya mtaa. Kahawa, tende na halua hutangulia, na habari hufuata kwa mpangilio wa umri. UNESCO iliuingiza utamaduni wa majlisi wa Oman na majirani zake watatu, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Qatar, katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2015, na mwaka huohuo ikaiingiza kahawa ya Kiarabu kama alama ya ukarimu. Neno lenyewe lafaa kuzingatiwa. Urithi usioshikika hauna stakabadhi, na hauwekwi kabatini.

Lakini upime kwa kipimo cha athar. Aliyekuja Izki akakaa sabla saa mbili macho kwenye simu amelipa gharama ya petroli tu. Mpokeaji wake nani? Wazee wetu walisema barua ni nusu ya kuonana, na walisema hivyo wakati barua ikingoja msimu wa kaskazi iletwe na jahazi, mwandishi akiwa ameketi usiku kucha kutafuta maneno. Picha ya Idi iliyotumwa kwa watu mia mbili kwa kidole kimoja si nusu ya kuonana. Haina zamu, haina mpokeaji, wala haikumgharimu mtu. Sauti ya dakika tatu iliyorekodiwa kwa ajili ya shangazi mmoja aliyeko Wete ikitaja jina lake, mguu wake unaomsumbua na mwembe wake uliokatwa, hiyo ina vyote vitatu.

Kazi ya mikono

Aina ya pili ni kazi. Mfano wake mzuri ni shuwa, nyama ya Idi ya Oman. Nyama hupakwa viungo, hufungwa kwa majani ya mgomba, hutiwa ndani ya vifuko vya kusuka, kisha huzikwa katika tanuri la shimo ambalo mara nyingi ni la mtaa au la ukoo, ikakaa humo siku moja hadi mbili. Huwezi kupika shuwa peke yako. Lazima awepo wa kuchochea moto, wa kushusha vifuko kwa haraka kabla joto halijatoroka, wa kufunika na kuziba kwa udongo, na siku ya kufukua kila mmoja aijue alama ya kifuko chake. Shuwa ya mgahawa ipo, na ni tamu. Kinachokosekana ndani yake ni majirani.

Mfano wa pili ni kofia. Kumma ya Oman na kofia ya Unguja ni ndugu, na ukoo huo umepitia baharini. Kofia ya mkono hutobolewa vijishimo kimoja kimoja, na kila kimoja huzungushiwa uzi, kazi inayochukua wiki nyingi na mara nyingine miezi. Sokoni Nizwa zipo za mashine kwa bei ndogo. Mama anaposhona kofia ya mwanawe ya Idi kuanzia Rajabu, kitu kinachotolewa ni kofia, lakini kilichomo ndani ya kofia ni Rajabu, Shaabani na Ramadhani yake. Kwa hiyo mpaka kati ya kitu na kisicho kitu si mkali kama unavyodhaniwa. Kitu kinaweza kubeba muda, kama mfereji unavyobeba maji. Kibaya ni mfereji mkavu.

Maneno na elimu

Aina ya tatu ni maneno yenye kufundisha. Katika siku za mwanzo za Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, watoto wa Dakhiliyah hutembea vichochoroni jioni wakisoma takbira na tahlili kwa sauti. Desturi hiyo huitwa tahlula. Mtoto akihitimu Kurani hufanyiwa taymina, maandamano ya wenzake wakiitikia amina, na huku kwetu tunaijua hitima. Mtoto ndiye anayetoa hapa. Anaupa mtaa sauti yake, na mtaa unapokea.

Katika nyumba za Waomani waliorudi kutoka Afrika Mashariki kuna zawadi nyingine ya maneno ambayo muda wake unayoyoma. Ni Kiswahili chenyewe. Waliorudi katika miaka ya 1970 wakiwa vijana sasa ni mababu na mabibi. Wajukuu wanajua Kiarabu cha nyumbani na Kiingereza cha shuleni, na Kiswahili wamebakiwa na maneno ya jikoni na ya kukaripia. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, heshima kubwa kwa lugha. Lakini siku ya dunia haimfundishi mtoto wa Izki kumwambia bibi yake "shikamoo" na kuelewa hadithi atakayojibiwa. Anayeweza kumfundisha ni bibi huyo, kwa zamu: kila baada ya sala ya alasiri ya Ijumaa, hadithi moja, mjukuu akirekodi. Na mjukuu naye ana cha kutoa, kwani kuuliza pia ni zawadi. Mzee asiyeulizwa hufa na maktaba yake.

Elimu ya namna hii hailali. Mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yanahesabu mambo matatu yanayoendelea kumfaa mtu baada ya kufa kwake, nayo ni sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Angalia kwamba mawili kati ya matatu hayanunuliki dukani, na la kwanza ndilo lile la nusu saa ya maji.

Msamaha

Aina ya nne ni ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotajwa kwa wepesi kuliko zote. Kila Idi tunaambiana "tusameheane". Mara nyingi hatujasameheana chochote, kwa kuwa hakuna aliyetaja kosa. Msamaha wa jumla hauna mpokeaji.

Oman ina mfano wa msamaha uliopangiwa njia. Mwaka 2012 Jumuiya ya Mawakili ya Oman ilianzisha mpango wa Fak Kurba, kuifungua dhiki, unaokusanya michango, hasa Ramadhani, na kuwalipia madeni watu waliofungwa au walioamriwa kufungwa kwa kesi za madai, wala si za uhalifu. Mamia kwa mamia wameachiwa kwa njia hiyo. Anayechangia hutoa riali, kitu kabisa. Kinachoufikia mlango wa nyumba fulani usiku wa Idi ni baba. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kitu kugeuka kisicho kitu, na unaonyesha kwamba pesa na roho si maadui. Tofauti iko katika mfereji unaozipitisha.

Kwa mtu wa kawaida mfano huo una ukubwa wake mdogo. Shemeji anakudai au unamdai. Ndugu wamegombania mitende ya urithi tangu mzazi afariki. Kwenda kwa mtu huyo kabla ya sala, ukataja deni kwa jina lake na kusema nimelifuta, au nimekosa mimi, kunagharimu kuliko mbuzi wa habta.

Nani anailipa gharama?

Hapa uchambuzi wa zawadi hizi huwa unanyamaza, na hapa ndipo unapopaswa kusema. Muda si wa bure. Ukisikia familia imepeana zawadi ya muda, uliza ni muda wa nani. Wanaume huzika shuwa mara moja, wakapigwa picha. Kusaga viungo, kuosha nyama, kupika arsia, mlo wa wali na nyama, alfajiri, kupiga pasi kanzu na dishidasha, kuwakaribisha wageni wa siku nne na kuosha vikombe vyao, hiyo ni athar ya wanawake, na aghalabu haiandikwi kwa jina la mtu. Zawadi isiyo na jina la mtoaji ni ikhlasi ikiwa mtoaji mwenyewe ameamua. Asipoulizwa, huo ni mzigo. Mwanamume anayetafuta zawadi ya Idi isiyonunuliwa ataipata jikoni, imejaa tele kwenye karo.

Nyuma ya mama wa nyumba, mara nyingi, yupo mwanamke mwingine. Nyumba nyingi za Oman zina wafanyakazi wa ndani kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, na familia zinazozungumza Kiswahili huona faraja kumpata anayeongea lugha ya bibi. Kwake yeye Idi ni siku ya kazi nyingi kuliko zote. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza habari za mishahara iliyozuiwa, saa ndefu za kazi na pasi za kusafiria zilizochukuliwa na waajiri. Si nyumba zote ziko hivyo. Lakini kila nyumba inayojiuliza zawadi ya maana ianzie na huyu, na ianze kwa kutenganisha haki na zawadi. Mshahara kwa wakati wake si zawadi. Pasi yake mkononi mwake si zawadi. Siku ya mapumziko si zawadi. Hayo yakishatimia, ndipo inapokuja zawadi: aketi sinia moja na wageni badala ya kula mabaki, apewe saa nzima ya mchana, si ya usiku wa manane, azungumze kwa video na wanawe walioko Tanga au Mombasa nao wakiwa na nguo zao za Idi, na watoto wa nyumba wamwendee kumwomba radhi kama wanavyomwendea shangazi yao.

Kuna gharama nyingine iliyojificha. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi hudai kurudishwa, na Waswahili walishalifupisha kwa nipe nikupe. Zawadi isiyo ya kitu hudai zaidi, kwani deni la pesa hulipika, deni la fadhila halina stakabadhi. "Nimekulea mimi," "nimekuuguza mimi," ni maneno yanayoweza kumfunga mtu maisha yake yote. Wakfu una dawa ya hili pia. Aliyeweka nusu saa yake wakfu amekwishaondoka, na mfungaji anayefuturu kwa mapato ya maji yale hajui amshukuru nani. Anamwombea tu.

Hukumu

Basi methali zote mbili ni kweli, kila moja mlangoni pake. Kwa asiyenacho, mkono usiwe mtupu: kitu kwanza, mapema, kabla ya sala. Kwa aliyenacho, kutoa ni moyo: acha seti ya vikombe, mpe zamu. Na kwa mtoto, vyote viwili pamoja, maana mtoto bado anajifunza kwamba kilichomo kiganjani na kiganja chenyewe vimetoka kwa mtu mmoja.

Kosa la wanaozipigia debe zawadi zisizonunuliwa ni kudhani kwamba kwa kuwa hazina bei hazihitaji utaratibu. Izki inatufundisha kinyume. Maji ya al-Malki yasingefika kwa mtu kwa nia njema. Yanafika kwa sababu njia ilichimbwa, zamu ilikubaliwa na yupo anayesimamia. Muda wetu nao ndivyo ulivyo. Ukisema "nitakuja kukuona siku moja," umemwaga maji mchangani.

Kwa hiyo, msomaji, Idi hii au sikukuu yoyote unayoisherehekea, chagua mtu mmoja tu. Mwambie siku, mwambie saa, na iwe saa ambayo kweli unaihitaji wewe mwenyewe. Nusu saa inatosha, watu wa falaji wameendesha mji kwa kipimo hicho. Na mtoto akibisha hodi asubuhi kuuliza mkono wake, tia noti ya baisa mia kiganjani, mshike mkono, na usiuachie upesi.